Kabla ya ng'ombe wa pili, shika mkojo wa huyu mmoja

SWALI: Mume wangu anafanya kazi Moshi mjini na hurudi Ijumaa jioni. Mimi, watoto wetu watatu (mkubwa ana miaka 13, mdogo 6) na mama mkwe tunaishi kwenye kihamba chetu (shamba la kuzunguka nyumba) Rombo, mlimani Kilimanjaro, kama robo tatu ya ekari: migomba, kahawa ya zamani kidogo na bustani nyuma ya nyumba. Tuna ng'ombe mmoja chotara aliyezaa miezi miwili iliyopita, mbuzi wawili na kuku 15. Tunakamua lita 4 kwa siku na kumwachia ndama chuchu moja. Ng'ombe anakula vigogo vya mgomba, mabua, na pumba kidogo asubuhi. Mikungu imekuwa midogo, mchicha unageuka njano, na mwaka jana mdondo uliua karibu kuku wote. Mama mkwe anashauri tununue ng'ombe wa pili ili samadi itoshe. Je, tununue?

JIBU: Dada, msinunue bado. Mama mkwe wako ameuona ugonjwa wa shamba vizuri kabisa: kihamba kina njaa, na chakula cha kihamba ni samadi. Lakini ng'ombe hazalishi rutuba, anaipitisha tu. Kinachoingia horini ndicho kinachotoka nyuma, na kwa maelezo yako kinachoingia kwa sehemu kubwa ni maji. Mkileta wa pili, chakula kilekile kitagawanywa kwa midomo miwili, na wewe ndiye utakayebeba mizigo miwili ya majani badala ya mmoja.

Tuanzie horini. Kigogo cha mgomba ukikikata, maji yanachuruzika hata kabla hujakifikisha bandani. Katika kilo 100 za kigogo, chakula chenyewe ukiondoa maji ni kilo 5 hadi 8 tu. Ng'ombe wako, tukimkadiria kilo 350, anahitaji kama kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Mkimpa kilo 40 za vigogo amepata kilo 2 au 3, na protini karibu hakuna. Tumbo linajaa, analala, anacheua, unaona ameshiba. Mabua yanaongeza uzito tumboni bila protini, na pumba peke yake inampa nguvu kidogo. Kwa chakula hicho lita 4, pamoja na anazonyonya ndama, ni jitihada kubwa. Anazitoa kwenye mwili wake mwenyewe. Mtazame mbavu na mifupa ya nyonga, utaona.

Mlo wa siku moja unaoweza kumfikisha lita 8 hadi 10, kama damu ya chotara anayo, ni huu: majani mabichi (matete au guatemala) kilo 25 hadi 30, majani ya kaliandra au lukina (miti ya malisho) kilo 3, mabua yaliyokatwakatwa kilo 3, kigogo cha mgomba kisichozidi kilo 15, na mchanganyiko wa pumba kilo 2, nusu asubuhi na nusu jioni wakati wa kukamua. Mchanganyiko wa kilo 100 ni pumba za mahindi kilo 65, mashudu ya alizeti kilo 30, unga wa mifupa kilo 2, chokaa ya mifugo kilo 2 na chumvi kilo 1. Akivuka lita 7, ongeza kilo 1 ya mchanganyiko kwa kila lita 2 za ziada. Akishindwa kuongeza maziwa ndani ya wiki mbili, rudisha ulikotoka, maana unapoteza fedha. Badilisha mlo polepole kwa siku 7 hadi 10. Ng'ombe aliyezoea vigogo akipewa pumba nyingi ghafla, tumbo linachachuka, anaacha kula na anaharisha.

Kata kila kitu vipande vya sentimita 3 hadi 5. Mabua yakiwekwa mazima ng'ombe huchagua majani, bua analikanyaga, na nguvu ulizotumia kulibeba kutoka tambarare zimeishia chini ya kwato.

Maji yanasahaulika kuliko chakula. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji lita 50 hadi 70 kwa siku, siku za joto zaidi. Maziwa yenyewe ni maji kwa sehemu kubwa, na akinyweshwa ndoo mbili tu hata mlo mzuri haumsaidii. Kwa Rombo najua maji ni shida, kwa hiyo tazama bati lako. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua moja nzuri ya milimita 20 linatoa lita 1,000, na hata zikipotea 200 njiani zinabaki za ng'ombe kwa karibu wiki mbili. Mifereji ya bati na simtanki vije kabla ya ng'ombe wa pili, tena mbali sana.

Sasa, majani yatoke wapi kwenye robo tatu ya ekari iliyojaa migomba? Ng'ombe mmoja wa maziwa anahitaji nusu ekari au zaidi ya matete yanayotunzwa vizuri, na nyinyi hamna nusu ekari tupu. Hapa ndipo hesabu ya ng'ombe wa pili inapokufa. Mlicho nacho ni kingo: mpaka wa shamba, kingo za makinga maji, kandokando ya njia. Panda matete au guatemala kwenye kingo zote mwanzoni mwa masika, vipande vyenye macho matatu, mawili yakiwa ardhini, umbali wa nusu mita. Vuna yakifika mita 1, kila baada ya wiki 6 hadi 8, ukiacha kisiki cha sentimita 10. Yakiachwa yafike urefu wa mtu yanakuwa kuni: mzigo mkubwa, maziwa kidogo. Na kila baada ya kuvuna rudisha samadi kwenye mstari, la sivyo mwaka wa tatu utakuta visiki vitupu.

Kaliandra ndiyo ninayoisisitiza zaidi, kwa sababu inakutoa kwenye deni la mashudu. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinafanya kazi karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha kununua cha maziwa. Miti 500 iliyopandwa kila nusu mita kwenye mstari mmoja, yaani mita 250 za ua, inatoa kama kilo 6 kwa siku. Anza na miti 250 kwenye mpaka. Loweka mbegu kwenye maji baridi kwa siku mbili, otesha kwenye viriba, hamishia shambani mvua zikikolea, na usikate kabla ya miezi 9. Kisha kata kwa kimo cha mita 1. Mpe ng'ombe mabichi siku hiyohiyo, maana yakinyauka anayapenda kidogo na hayamsaidii sawasawa. Lukina nayo ni nzuri ila isizidi theluthi ya mlo, kwa kuwa ina sumu hafifu inayoharibu manyoya na tezi ikizidi.

Hata hivyo kingo hazitatosha mwaka mzima, na wala vihamba havikuwahi kujitosheleza kwa majani. Kwa vizazi vingi majani na mabua yamepandishwa mlimani kutoka mashamba ya tambarare, yakapita kwa ng'ombe wa bandani, yakaishia kwenye mgomba. Rutuba ya tambarare ndiyo iliyokuwa ikilisha mlima. Siku hizi mikungu inapanda gari kwenda sokoni na mabua yanachomwa au kulishwa mifugo hukohuko chini, na kihamba kinatoa bila kupokea. Kama mna shamba la mahindi tambarare, au jirani analo, kusafirisha mabua mara moja kwa mwaka baada ya mavuno ni uwekezaji bora kuliko bei ya ndama. Yahifadhiwe juu ya kichanja chenye paa. Yakinyeshewa yanaota ukungu, na ukungu unaweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba aitoe.

Majani mabichi yanayozidi wakati wa masika yawekwe saileji, yaani yachachushwe bila hewa ili yasioze. Mfuko imara wa nailoni unatosha kuanzia. Katakata matete ya mita 1, yaanike nusu siku, kisha lifinyange konzi moja kwa nguvu na ufungue kiganja. Maji yakichuruzika kati ya vidole bado ni mabichi mno. Yakitawanyika mara moja yamekauka mno. Bonge likifunguka polepole na kiganja kikabaki na unyevu, anza kujaza. Nyunyizia molasi lita 1 iliyochanganywa na maji lita 2 kwa kila kilo 70, shindilia kwa miguu tabaka kwa tabaka, funga hewa isipite. Fungua baada ya siku 30 au zaidi. Saileji nzuri ina rangi ya kijani inayoelekea hudhurungi na harufu ya uchachu mtamu kama togwa. Ikinuka kinyesi au ikiwa nyeusi yenye utelezi, hewa iliingia, usimpe.

Sasa tuje kwenye samadi yenyewe. Nenda nyuma ya banda, upande wa mteremko. Kama kuna mahali magugu ni marefu na ya kijani iliyokolea kuliko bustani yako, hapo ndipo mbolea yenu inapokwenda. Karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe, na sehemu kubwa ya potasiamu, iko kwenye mkojo. Mgomba ni mlafi wa potasiamu kuliko karibu mimea yote ya kihamba, na kila mkungu unaouzwa unaondoka nayo. Kwa hiyo mnachota kinyesi kwa koleo, mnapeleka kwenye migomba, huku kitu ambacho migomba inakililia kinatiririka kwenda njiani. Ng'ombe wa pili angeongeza mtiririko huo tu.

Tengenezeni sakafu. Eneo la mita 4 kwa 3 linatosha ng'ombe na ndama: zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, unene wa sentimita 10. Itakula kama mifuko 8 ya saruji. Mteremko uwe sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, uelekee kwenye mfereji wa upana wa sentimita 20 unaoishia kwenye pipa la lita 200 lililofukiwa hadi shingoni na lenye mfuniko. Kabla zege halijakauka, pitisha ufagio wa chelewa liwe na mikwaruzo. Zege laini huvunja miguu ya ng'ombe. Kama fedha haipo mwaka huu, shindilia udongo wa mfinyanzi na mawe kwa mteremko uleule, na tandika majani makavu ya mgomba kila siku yanyonye mkojo, kisha yapeleke yote kwenye lundo. Paa la banda lisivuje, na maji ya mvua yazuiwe yasipite bandani.

Mkojo uliokaa pipani wiki mbili changanya lita 1 na maji lita 5 kwa mboga, ukimwagilia ardhini, kamwe si juu ya majani. Kwa migomba yatosha maji lita 2 kwa lita 1 ya mkojo. Chimba kijifereji umbali wa hatua moja kutoka kwenye shina, mwaga, fukia. Usipofukia utasikia harufu inayochoma pua, na hiyo harufu ndiyo naitrojeni ikiondoka.

Lundo la samadi liwe kivulini, mita 1.5 kwa 1.5, kimo cha mita 1 hivi: tabaka la takataka kavu, tabaka la samadi na majani yaliyolowa mkojo, majivu kidogo, rudia. Funika kwa majani ya mgomba. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati. Baada ya siku nne kichomoe: kikiwa cha moto lundo linafanya kazi, kikiwa kikavu na cheupe ongeza maji, kikiwa baridi na kinanuka limelowa mno, lipindue. Pindua kila wiki tatu. Ndani ya miezi 3 unapata kitu cheusi kinachonukia udongo wa msituni.

Hapo ndipo mchicha wako unapoingia. Majani ya chini yakianza kuwa njano kwanza, ni njaa ya naitrojeni. Nahisi mnaweka samadi mbichi yenye mabua au maranda mengi. Vijidudu vinavyoozesha mabua vinahitaji naitrojeni, na vinaichukua udongoni kabla ya mchicha. Wekeni iliyoiva, debe 1 kwa kila mita 3 za mraba, ichanganywe na udongo wa juu wiki moja kabla ya kupanda. Kinyesi cha kuku ni kikali zaidi: kikishaiva, debe 1 litoshe mita 10 za mraba. Matuta yawe na upana wa mita 1 ili mtoto afike katikati bila kukanyaga. Mchicha, mnavu na sukumawiki zihamishwe tuta kila msimu zipishane na maharage, na tuta moja dogo lipandwe kila wiki tatu badala ya yote siku moja, msije mkawa na mboga za kumwaga Mei na kununua Agosti.

Kwenye migomba, kazi ya kwanza ni panga. Kila shina libaki na watatu: mama, mtoto na mjukuu. Wengine wote toa, maana wanakula bila kuzaa. Hao waliotolewa ndio kigogo cha kilo 15 cha ng'ombe, na kinachobaki kipasuliwe kwa urefu na kutandazwa. Kigogo kizima kilicholala ndicho nyumba ya fukusi, na matandazo yakae nusu mita mbali na shina kwa sababu hiyohiyo. Samadi iliyoiva debe 2 hadi 3 kwa kila shina kwa mwaka, zikigawanywa masika na vuli. Mikungu haitakua kesho. Mkungu utakaokatwa mwakani tayari unaamuliwa na mtoto mnayemlisha sasa.

Mdondo ni jambo fupi na lisilo na mjadala: chanjo ya I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi 3, kuku wote siku moja wakiwa wazima. Aliyeanza kuugua chanjo haimwokoi. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wako, hivyo panga na majirani siku moja mgawane gharama, tena ni kinga bora kwa sababu ugonjwa hutoka kwao. Chanjo isafirishwe kwenye baridi, mbali na jua.

Kuhusu kazi, nisikufiche: katika familia nyingi ng'ombe wa maziwa ni mzigo wa mwanamke mmoja, na shamba linalomchosha mama halidumu hata likiwa na rutuba. Mume akirudi Ijumaa, Jumamosi ni yake: kukata na kupandisha majani ya siku mbili tatu, kupindua lundo, kumwaga pipa la mkojo. Kijana wa miaka 13 anaweza kukatakata majani na kusafisha banda kabla ya shule, asikose kipindi kwa ajili ya ng'ombe. Wa miaka 6 akusanye mayai na kunawa mikono. Dawa za kupe na za mimea mtoto asiziguse kabisa, na zikae kwenye sanduku lenye kufuli. Mama mkwe mpeni daftari, au aseme na mjukuu aandike: maziwa ya asubuhi, ya jioni, siku ng'ombe alipopandwa, pumba iliyonunuliwa. Macho ya mtu aliyefuga miaka mingi yakiwekwa kwenye karatasi yana thamani kubwa.

Kukamua kuwe saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Osha kiwele, kausha kwa kitambaa safi, michirizi ya kwanza ikamulie kwenye kitambaa cheusi: ukiona mabonge au maji, ni ugonjwa wa kiwele, maziwa hayo yasiuzwe wala ndama asipewe, na mwite daktari wa mifugo. Maliza ndani ya dakika 7, kwa sababu ng'ombe akishashusha maziwa hayabaki chini muda mrefu. Majani ya tambarare huja na kupe, kwa hiyo kuogesha msiache kwa kuwa tu ng'ombe hatoki bandani, na muulizeni daktari kuhusu chanjo ya ndigana kali kwa ndama. Maziwa ya nyumbani yachemshwe.

Uliandika pia kuhusu mbuzi wawili. Kila mmoja anakula kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kwa siku. Kama si wa maziwa, wauzeni sasa, fedha iende kwenye saruji na simtanki.

Jambo la mwisho lina haraka kuliko yote. Ng'ombe wako ana miezi miwili tangu azae, na huu ndio wakati wa kuwinda joto lake. Huja kila siku 21, kati ya 18 na 24, na hudumu saa chache: anahangaika, analia, maziwa yanapungua ghafla, ute mwangavu usio na rangi, kama ute wa yai bichi, unaning'inia. Wa bandani hana wa kumpanda, hivyo lazima umtazame mwenyewe alfajiri na usiku kabla ya kulala, kwa tochi. Ukiona dalili asubuhi, mtaalamu wa uhimilishaji (wa kupandisha kwa mbegu za chupa) aje jioni. Ukiona jioni, aje kesho asubuhi. Aliyekonda hukaa miezi bila joto, na hiyo ni sababu nyingine ya kurekebisha hori wiki hii. Akishika mimba mwezi ujao atazaa baada ya miezi 9. Mkamue hadi siku 60 kabla ya kuzaa, kisha mwache apumzike. Akizaa jike, na daftari likionyesha lita 8 kwa wastani, kichanja cha mabua hakijaisha Septemba, na pipa la mkojo linajaa kila wiki mbili tatu, huyo ndiye ng'ombe wa pili ambaye mama mkwe amemwomba.